Mikaratusi Mitatu

Ukitaka kumkasirisha Ombui, usihangaike kumtukana. Matusi ameyazoea. Mtu ameendesha lori kati ya Kericho na Bomet tangu nywele zake zikiwa nyeusi, hakuna tusi ambalo halijaingia kwa dirisha lake na kutokea upande wa pili. Wewe muulize tu, kwa heshima zote, "Mzee, kwani njia unaijua?" Hapo utamwona anavyovimba. Kisha atakuelekeza kwa kidole nyuma ya lori lake, ambako aliandikisha kwa rangi nyekundu maneno mawili makubwa: ULIZA MIMI.

Na watu wa Sosiot walimuuliza kweli, maskini. Majibu yake yalikuwa miti mitupu. Nenda hadi uone mti uliopigwa na radi, shika mkono wa kushoto. Shuka na bonde mpaka kwenye miwati miwili iliyoegemeana kama walevi, panda kulia. Ati kwa nini miti? "Watu huhama," alisema, "maduka hufungwa, na kanisa hupakwa rangi ingine kila mchungaji mpya akija. Lakini mti, ndugu yangu, mti hauendi mahali." Alisema hivyo akiwa kwenye usukani wa lori ambalo kazi yake, Jumatatu hadi Jumamosi, ilikuwa kubeba magogo ya mikaratusi kutoka mashambani na kuyapeleka kwa viwanda vya chai yakachomwe. Hakuna aliyeona shida hapo. Hata yeye hakuiona, na ndiye aliyekuwa akifunga kamba.

Basi binti yake Moureen akapata mchumba. Kijana anaitwa Mbuthia. Mama yake, Gathoni, ana duka la vifaa vya ujenzi pale Silibwet, na boma lao liko ndani ndani, upande wa Merigi. Arusi ikapangwa kufanyika katika kanisa la kwao. Moureen hakumwomba baba yake mambo mengi. Alimkuta jikoni akinywa chai, akamwambia, "Baba, mimi sitaki friji wala sofa kutoka kwako. Nataka unishike mkono kutoka mlangoni mpaka mbele, unikabidhi wewe mwenyewe. Si mjomba, si mzee wa kanisa. Wewe."

Ombui akasema sawa, akajifanya chai imemuunguza. Ukweli ni kwamba lile neno lilimwingia. Wiki nzima akawa anafanya mazoezi ya kutembea. Jioni akirudi kazini anavaa viatu vipya, anamshika mkewe Nyanchama mkono, wanatoka mlangoni kwa zizi hadi kwenye tangi la maji, pole pole, ng'ombe wakiwatazama.

"Usiburute mguu," Nyanchama anamwambia.

"Siburuti. Ni kiatu."

"Na usilie, Baba Moureen."

"Nani analia?"

Wasiwasi wao ulikuwa mchungaji. Mchungaji wa kule hana mchezo: siku hiyo alikuwa na arusi mbili, na alishatangaza kwamba bibi harusi ambaye hatakuwa mlangoni saa tano ataipisha arusi inayofuata na kurudi Jumamosi ingine. Kwa sababu hiyo Mbuthia alimtumia kila mtu alama ya kanisa kwenye simu, ile ya ramani, mtu abonyeze tu aongozwe. Aliyefurahi zaidi ni Obure, ndugu yake Nyanchama, ambaye ndiye angeendesha gari la bibi harusi. Obure hawezi kwenda hata sokoni bila kuiuliza simu kama soko bado liko.

Ombui akakataa katakata. "Mimi nipelekwe Merigi na msichana anayeongelea puani ndani ya simu? Yeye ameshakwama kwa matope siku gani? Mtanifuata mimi. Mimi ndio ramani." Akawaeleza njia mara moja tu, kwa ukarimu. Ukitoka Silibwet unaacha lami, unaenda mpaka uone mikaratusi mitatu mikubwa imesimama pamoja kwa kona. Hapo unapinda kulia, unazunguka kidogo, umefika kanisani. Hata kipofu hawezi kupotea.

"Shemeji, kuuliza si ujinga," Obure akasema.

"Basi uliza," Ombui akamjibu, akionyesha nyuma ya lori.

Siku ikafika. Lori lilitangulia, limebeba mashangazi, mikungu ya ndizi na sufuria. Nyanchama alikaa mbele na mumewe. Nyuma yake likafuata gari la bibi harusi lenye maua, Obure kwenye usukani, halafu magari ya jamaa wengine. Mashangazi walitoka Sosiot wakiimba, wakapita Litein wakiimba, wakaingia Silibwet wakiimba, na Ombui alikuwa akipiga honi kila alipoona mtu zaidi ya mmoja. Siku hiyo hakuna waziri aliyemzidi.

Wakaacha lami. Chai huku, chai kule. Ombui akaanza kutafuta mikaratusi yake mitatu. Akaona miwili. Akaona mingi kwa mstari, kama wanafunzi wanaongoja uji. Akaona mmoja, mwembamba, ambao hata yeye hakuweza kuusingizia kuwa ni mitatu. "Ni hapo mbele tu," akasema, ingawa hakuna aliyekuwa amemuuliza. Akapinda mahali palipofanana na penyewe, barabara ikawazungusha nyuma ya kilima na kuwarudisha.

"Baba Moureen," Nyanchama akasema, "hii posho mill ya kusaga mahindi si tumeipita?"

"Ni ingine."

"Na huyo mbwa mwenye mguu mmoja mweupe?"

"Mbwa wa huku wanafanana."

Nyuma, wimbo ulikuwa umeanza kulegea. Shangazi mmoja aligonga paa la kebini akauliza kama wameshavuka kuingia Tanzania. Ombui alisikia jasho likishuka ndani ya shati jipya. Watu wa kuuliza walikuwa tele: mzee wa baiskeli ya maziwa, akina mama wa kabichi, wachunaji wa chai pande zote mbili. Lakini wewe niambie, utasimamishaje lori lililoandikwa Uliza Mimi, ushuke, uulize? Aliona aibu kama mtu aliyenaswa akila kwa jirani wakati wa kufunga. Akakanyaga mafuta, na ile posho mill ikatokea mara ya tatu, na mbwa sasa alikuwa akiwapungia mkia kama jamaa.

Hapo akasimama. Obure akaja dirishani na simu yake mkononi. Halafu Moureen akatoa kichwa nje ya gari, na shela yake yote.

"Baba, inaenda saa nne na nusu."

Hakufoka. Alisema kwa upole, vile mtu huongea na mgonjwa, na huo upole ndio uliomvunja. Ombui akaona kwa macho yake mwenyewe binti yake akirudishwa nyumbani na gauni lake, kwa sababu ya baba mmoja na miti mitatu.

"Nenda mbele," akamwambia Obure. "Tuongozwe na huyo msichana wako."

Wakageuza msafara. Obure mbele na bibi harusi, magari mengine katikati, lori mkiani. Simu ikawarudisha kwa barabara ile ile, na mahali ambapo Ombui alikuwa amepita mara kadhaa bila kupaangalia ikaamuru wapinde kushoto, washuke kwa kinjia katikati ya chai. Kinjia kikawa chembamba, kisha kikawa chembamba zaidi. Lori lilipita kama mtu mnene anayetafuta kiti kanisani ibada ikiendelea, likiomba msamaha kila upande. Chini kabisa palikuwa na kijito, na juu ya kijito daraja la magogo la watu na mbuzi. Msichana wa simu akawaambia waendelee moja kwa moja.

Obure alishuka, akalitazama daraja, akaitazama simu. "Anasema tuendelee."

"Aendelee yeye," akasema Ombui, aliyekuwa ameshuka kuja kuona. Na hapo, tusimfiche, alifurahi kidogo. Simu ilikuwa imeaibika mbele ya ukoo mzima. Tena hakuna gari ambalo lingetoka pale kabla ya lori kurudi nyuma, na kurudi nyuma ni kazi aliyoijua hata usingizini. Akarudi kwenye usukani, akatoa kichwa dirishani, akalipandisha lile lori kinyumenyume mlima wote bila kugusa hata jani. Mashangazi wakaanza kupiga vigelegele tena. Ombui akajisikia mtu. Akafika juu, akakata kona ya kuingia barabarani kwa mkono mmoja, kwa madaha, ndipo gurudumu la nyuma likapanda kitu kigumu kilichojificha kwenye nyasi.

Lori likainuka. Likafikiria. Likashuka upande wa mtaro kwa kishindo, na chini yake kitu kikalia kama mfupa. Difu, ile inayozungusha magurudumu ya nyuma. Dereva yeyote hahitaji kuambiwa. Hakuna aliyeumia, ila sufuria moja lilimfunika shangazi kichwa na likakataa kutoka kwa muda. Lori lilikuwa limelala limeziba mdomo wote wa kinjia, na magari yote, na bibi harusi, yalikuwa chini kwenye kijito kama kuku kwenye tenga.

Ombui akaruka chini, akafunua nyasi kwa mikono. Kisiki. Kipana, kimekatwa si zamani, bado kina utomvu. Hatua chache kando yake, kisiki kingine. Na nyuma yake, cha tatu.

"Chamgei," sauti ikamwamkia. Ng'ambo ya barabara alisimama mama mmoja na kikapu cha chai mgongoni. Baadaye walijua anaitwa Tecla, na shamba lile ni la jirani yake. Alikuwa akisoma maandishi nyuma ya lori huku ametabasamu. "Mzee, umerudi? Kwani kuna miti ulisahau?"

"Miti gani, mama?"

"Si hii mitatu ya kona? Jirani aliuzia kiwanda, na hii lori ndio ilikuja kubeba. Mimi naikumbuka na haya maneno yake. Hata nilikusalimia, ukaniambia nitoke kwa njia."

Ikamrudia yote. Siku ile alikuja kutoka upande wa kiwandani, mvua inanyesha, macho yake yako kwa magogo kama yamepangwa vizuri na kamba kama imekaza. Alisifu hata unene wake. Mti ukiwa umesimama aliuona ni alama; ukiwa umelala aliuona ni mzigo, na haikumjia hata kidogo kwamba ni mti ule ule. Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga, lakini wahenga hawakufikiria mtu atakayekichimba, akibebe, halafu akitafute asubuhi nzima na msafara nyuma yake.

"Ombui, wewe ni ng'ombe," akajiambia kwa sauti.

"Usimtukane ng'ombe," Nyanchama akasema akishuka. "Ng'ombe anajua njia ya kwenda kwao."

Obure, aliyekuwa amepanda mbio kutoka chini, alicheka mpaka akashika magoti. Alicheka hadi Moureen alipofika, gauni amelikunja mkononi, akamnyang'anya simu na kuiangalia vizuri. "Mjomba, hii picha ya mtu anatembea ni ya nini?"

Kicheko cha Obure kikakatika. Daktari wake alimwambia atembee kila asubuhi kwa ajili ya sukari, naye tangu hapo alikuwa ameiweka simu kwenye njia za miguu na kuisahau hivyo. Simu haikuwa imewadanganya hata kidogo. Ilidhani wote wanaenda kanisani kwa miguu.

"Na kwa miguu ni karibu," Tecla akasema. Akanyoosha mkono ng'ambo ya kijito, kwenye paa la bluu lililochungulia juu ya chai. "Kanisa si hilo? Ukivuka daraja unapanda tu. Magari ndio hupinda hapa kulia na kuzunguka."

Kulia. Penye mikaratusi mitatu, kama alivyosema. Ombui hakujua acheke au alie, basi akafanya vyote viwili kidogo kidogo. Halafu akakumbuka saa, akavuta suruali juu, akamnyooshea Moureen mkono. "Mama, twende. Nilikuahidi mkono, mkono ndio huu."

Tecla alivua gambuti zake akampa Moureen, akabaki peku na kusema chai haijali. Mashangazi wakashika gauni nyuma, wengine wakajitwika sufuria na ndizi, kwani mtu hafiki kwa wakwe mikono mitupu hata kama amepotea. Wakashuka, wakavuka magogo mmoja mmoja, wakaanza kupanda. Njia kati ya mistari ya chai ilitosha watu wawili wakiwa wamebanana. Ombui alitembea pole pole, kama alivyofundishwa kwenye zizi.

"Baba," Moureen akamuuliza, "niambie ukweli. Ulipotea makusudi?"

"Mama, siku nitakayotaka kupotea makusudi, nitafika mapema."

Moureen akacheka. Walipotembea kidogo, Ombui akahema, na si kwa sababu ya mlima. "Lakini nilikuwa naogopa," akasema. "Si njia. Njia zote nilizokuwa nikizijua, jioni zilikuwa zinanirudisha kwenu, nakuta umekaa mlangoni na vitabu. Hii ya leo itanirudisha wewe ukiwa umebaki huku. Inaniuma, mama. Sikutaka kukuambia siku yako."

Moureen aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili. "Si utakuwa ukikuja kunitembelea?"

"Nitapajuaje? Alama nimezipeleka zikachomwa."

Mchungaji alikuwa mlangoni, saa mkononi, tayari amefungua mdomo. Akamwona bibi harusi anatokea kwenye chai na gambuti, na kando yake mzee mwenye matope mpaka magotini, na nyuma yao mikungu ya ndizi inakuja yenyewe. Akafunga mdomo, akawapisha. Ombui alimpeleka binti yake hadi mbele. Mguu aliuburuta, kwa sababu ya matope, na kulia alilia, bila sababu ya matope, na alipofika alimkabidhi Mbuthia ule mkono na ikabidi mchungaji amguse bega ndipo auachilie.

Kwenye sherehe Gathoni alichukua maikrofoni kuwaelekeza wageni waliokuwa bado njiani. "Mwambieni mtu aje mpaka aone lori limelala, hapo apinde kulia," akasema, na watu wakaangua kicheko mpaka hema likatikisika. Ombui akasimama, akaomba maikrofoni. "Wakwe zangu," akasema, "nilitoa miti mitatu kwa hiyo kona, na leo nimewarudishia lori. Sijapunguza kitu. Na hii chai mnayokunywa huenda ilikaushwa na alama yangu, kwa hivyo kunyweni kwa heshima." Obure alicheka kuliko wote, akiwa ameficha simu mfukoni.

Lori lilikaa pale mpaka difu ikapatikana, na difu zilizokuja kwanza hazikuwa zenyewe. Mama mmoja akaanza kuchoma mahindi kwenye kivuli chake. Bodaboda wakaanza kungojea abiria hapo. Mwishowe likatengenezwa, likavutwa kutoka mtaroni, likaenda zake. Mama wa mahindi akabaki, na bodaboda wakabaki.

Miezi ikapita, Moureen akapiga simu kuwaita wazazi waje wamwone mtoto. Ombui na Nyanchama wakapanda lori, wakasimama Silibwet kununua mkate na sukari. Kando ya duka dereva wa lori lingine alikuwa akimuuliza kijana wa bodaboda njia ya kwenda lile kanisa la upande wa Merigi, maana simu yake ilikuwa imezima, imeishiwa na moto.

"Ni rahisi," kijana akamjibu. "Acha lami hapo, uende mpaka Kwa Ombui, upinde kulia."

"Kwa Ombui kuna alama?"

"Hakuna kitu, lakini kila mtu anapajua. Nasikia ni mzee fulani alipotelea hapo akimleta msichana wake."

Yule dereva akashukuru akaondoka. Nyanchama alikuwa amemtazama mumewe, ameuma kanga ili asicheke. Ombui alisimama na mkate kwapani. Ile kona aliijua kuliko mtu yeyote Bomet nzima. Alikuwa ameilalia mgongo, amekula vumbi lake, amehesabu visiki vyake. Alipanda lori, akafunga mlango, akawasha injini. Halafu akaizima, akashuka tena, akamwendea yule kijana pole pole na kofia mkononi.

"Kijana yangu, samahani," akasema. "Hebu nielekeze na mimi. Nipinde wapi?"